Sanduku la Tatu

Maktaba ya chuo, Łódź, Februari. Hufungwa saa moja,
na Bwana Zbroja ameshapita mara mbili na funguo zake,
akikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.
Siondoki. Nimefikia sanduku la tatu.

La kwanza lilikuwa stakabadhi: makaa, viazi, soli za viatu.
La pili, picha za watu ambao hakuna aliyekumbuka
kuandika majina yao nyuma.
La tatu ni wewe, Bogumiła Wrzos,
mfumaji wa zamu ya usiku,
hadithi kumi na nne migongoni mwa karatasi za kiwanda.
Upande huu: majora mia mbili na sita, yenye kasoro matatu.
Upande wa pili: sayari.

Hukuipa jina. Uliandika "kule", basi.
Kule vyombo vya angani havichomelewi, vinafumwa.
Mtande ni mwanga. Mshindio ni nywele za wanawake
waliokubali kuzitoa, na kukubali kwao
kunaandikwa daftarini kabla mkasi haujaguswa.
Mwaka wa sitini na mbili uliandika hayo,
vidole vina mafuta ya mashine. Alama zake zingali pembeni.

Kule hakuna mke, hakuna mume.
Kuna neno moja tu, la yule aliyeamka kuchemsha maji,
na kila asubuhi neno hilo huhamia kwa aliyewahi.

Lakini Kipolandi kina macho.
Kitenzi cha jana kina mkia,
na mkia unasema: huyu aliyekwenda ni mwanamume,
huyu aliyelia ni mwanamke. Huwezi kumficha mtu
ndani ya jana. (Nasikia ziko lugha
ambamo yeye ni yeye, na watu wanaendelea na safari.
Ungezionea wivu.)
Basi ukaitupa jana. Kurasa mia tatu,
hakuna kitendo kilichokwisha:
anakwenda, anafuma, analia, atarudi.
Mhariri wa Warshawa akakurudishia bahasha:
*Mwandishi hajui wakati uliopita.*

Sura yangu ya pili nzima ni jibu la sentensi hiyo.
Profesa Gniewosz ameizungushia duara:
"Roketi za mfanyakazi, sawa. Lakini nadharia iko wapi?
Nani alimsoma? Nani alimjadili?"
Nilikwenda nayo nyumbani, nikaiweka chini ya sufuria ya supu
kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Na leo, hadithi ya tisa,
pembeni, penseli nyekundu, mwandiko usio wako:
*Chombo kikigeuka hivi nyuzi za kushoto zitalegea.
Uliza mtu wa mashine nne. Leokadia.*
Ukurasa unaofuata, safari yote imegeuzwa kulia.
Kisha penseli ya kijani, Genowefa, mkali kama baridi:
*Sawa, wanaruka. Nani anapika?
Umesahau tena nani anapika.*

Ndiyo maana maji yanachemka kuanzia hadithi ya kumi.
Hayakuwamo kabla.

Saa nane za usiku, mashine zikinguruma hadi masikio yafe,
mlipokezana karatasi chini ya meza ya chai,
mkabishana kwa penseli kwa kuwa hamkuweza kusikiana.
Nadharia, Profesa, ilikuwa na mafuta vidoleni.
Naanza sura upya, kwa kanuni yenu:
Bogumiła anafuma. Leokadia anapinga.
Genowefa anauliza.

Zbroja amesimama mlangoni, funguo kimya.
"Saa moja na robo, mama."
"Bwana Zbroja, kwenu nani anapika?"
Anavua kofia, anatazama ndani yake.
"Leo?" anauliza.